Fundi Flavian na Kompyuta Iliyonyamaza Mno

Tarehe 30 Juni 2005, Bwana Flavian Kapele, Fundi Mitambo wa Kituo chetu cha Zana za Kilimo hapa Milanzi, anakabidhi funguo za karakana na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa na nywele nyingi na bisibisi moja. Anatoka na bisibisi nyingi. Mambo ya nywele tusiulizane.

Uongozi umeniomba mimi Stanley, dereva, niandike wasifu wake, kwa sababu wenye elimu wote walisema wana kazi nyingi. Shule niliishia darasa la nne. Lakini mstaafu huyu nimemwendesha barabara zote za Ufipa, mpaka Kasanga ziwani, na mtu mkishakwama naye kwenye tope mvua inanyesha, unamjua kuliko faili lake linavyomjua. Nimeambiwa niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila nina hofu tangu aliposema anahamia Kaengesa na mama yake. Hiyo nitaisema mwisho, msinikimbize.

Bwana Flavian alizaliwa hukohuko Kaengesa, akajifunza ufundi kwa mabruda wa misheni, akaajiriwa hapa mwaka 1971 kutengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Soko lilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akaleta mashine yake ya kusaga, yeye ndiye alikuwa akiitwa kuzifufua. Halafu ikaja miaka ya kupunguzwa kazi, ambapo kila gari geni likiingia getini tulidhani limekuja na barua zetu, na wengine ilikuwa kweli. Fundi hakuguswa, kwa sababu jenereta la kituo lilikuwa linawaka kwa mkono wake tu. Tulimwomba atufundishe namna ya kuliwasha. Alisema ni jepesi, halihitaji somo. Mpaka leo hakuna anayejua, na Jumatatu tutakaa gizani tukimkumbuka.

Mafanikio yake ni mengi, lakini mimi nitaeleza moja, lile lililotaka kumuua mama yake.

Kwa wageni wa kituo, niseme kwanza desturi yetu ya Milanzi. Umeme wa waya ulikuwa haujatufikia mitaa ya huku juu. Mwenye televisheni na deki alikuwa na jenereta, na jenereta likinguruma baada ya chakula cha jioni, majirani wanabeba vigoda vyao na kuja. Hakuna kupiga hodi. Mngurumo wenyewe ndio karibu. Mtu akiwa na televisheni na watu hawamwoni wala hawamsikii, wanaanza kujiuliza anaficha nini.

Basi, mama mzazi wa Fundi, Bibi Silvana, alikuwa na binti, Sista Rosina, mdogo wake Fundi. Siku Rosina alipofunga nadhiri parokia nzima ilikwenda, na mpiga picha wa video akatoka mjini na kamera begani. Rosina aliugua baadaye akafariki, tukamzika Kaengesa. Bibi akawa na ombi moja tu hapa duniani, amwone binti yake akiimba siku ile ya nadhiri. Fundi akaazima jenereta. Lilipowaka, Bibi alishika kifua, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema moyo umechoka, asisogezwe karibu na makelele. Kwa hiyo Rosina alikuwa ndani ya sidii, na mama yake hawezi kumwona.

Hapo ndipo mstaafu wetu alipoingia karakana na kufanya jambo ambalo sisi tuliona ni ukichaa. Alitaka kompyuta ndogo ya kuonyesha picha nyumbani, isiyotoa sauti kabisa, inayokula umeme kidogo kama redio, na isiyomaliza fedha ya chakula. Alipata kompyuta ya mtumba, zile za kukunja, kioo chake kimevunjika na mwenyewe anataka kuitupa. Akatoa matumbo yake akayapanga kwenye sanduku la mbao lililokuwa la sabuni. Feni ndiyo ilikuwa inavuma, akaing'oa. Ili isiungue, akakata kitako cha sufuria kuukuu ya mkewe Bertha, akakibana juu ya kile kipande kinachopata moto, joto likawa linapandia huko na kutokea juu ya sanduku. Bertha alitafuta sufuria yake wiki nzima, na ninaomba asisome hapa.

Kidude kinachotunza picha, alikozihamishia kutoka kwenye sidii, nacho kilikuwa kinakereketa, kwa hiyo akakining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kikawa kinabembea bila kugusa mbao. Mashine yote akaipunguzia mwendo, akisema picha ya sista akiimba haihitaji mbio. Umeme alichukua moja kwa moja kutoka betri ya lori inayochajiwa na paneli ndogo ya sola, na televisheni ilikuwa ile ndogo ya kutumia betri ya gari. Mbele akaweka kitufe cha kengele ya mlango. Bibi akikibonyeza, Rosina anaanza kuimba. Niliweka sikio kwenye lile sanduku nikasikia damu yangu mwenyewe.

Kosa lake lilikuwa moja. Hakumwambia jirani yeyote. Fundi huyu hapendi kuonyesha kazi ambayo hajaimaliza, na alisema bado anataka kulipiga sanduku rangi.

Ilikuwa Juni, mwaka juzi. Sisi wawili tulikuwa tunarudi kutoka Matai kutengeneza mashine, Bertha alikuwa shambani kuvuna ulezi, Bibi yuko peke yake. Mnaijua baridi ya Juni na ule upepo wake. Bibi alikuwa amefunga mlango na kuziba dirisha kwa blanketi. Jua limeshazama, jirani yao Coleta anapita na ndoo ya maji kichwani, akasikia Rosina anaimba.

Sauti ile hakuna asiyeijua. Rosina aliongoza kwaya hapo parokiani kabla hajaenda utawani. Na Coleta ni mmoja wa waliouosha mwili wake. Akasimama akasikiliza jenereta. Hakuna. Akaona mwanga wa bluu chini ya mlango, unachezacheza. Sisi tulipofika tuliikuta ndoo yake katikati ya njia, imetuliwa vizuri, imejaa pomoni. Ndoo ile ndiyo iliyonitisha kwanza, kwa sababu hakuna mwanamke wa Milanzi anayepanda na maji kutoka bondeni kisha akayaacha njiani.

Halafu tukaona watu. Walikuwa wameizunguka nyumba, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyesema neno. Watu wangekuwa wanapiga kelele ningepita katikati yao na honi. Mmoja alikuwa na galoni ya mafuta ya taa. Malimi, jirani mwenye ng'ombe, jitu refu lililohamia hapa na mifugo kutoka Usukumani, alisimama karibu na mlango na rungu lake. Na kutoka ndani ya nyumba sauti ya marehemu ilikuwa inaimba, safi, bila mngurumo wowote chini yake.

Mimi nilibaki kwenye usukani. Gari lilikuwa mali ya serikali na lazima lilindwe.

Fundi alishuka. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Alfonsi, akammulika usoni kwa tochi iliyokuwa inakaribia kuzimika.

"Fundi, rudi kwenye gari. Dada yako yumo ndani."

"Dada yangu yuko Kaengesa, balozi. Tulimzika wote. Wewe ulishika kamba ya jeneza."

"Ndiyo maana tumekuja."

Hapo nikaelewa. Walikuwa wanasema Bibi Silvana amemfanya binti yake msukule, mfu aliyerudishwa kwa uchawi, anamfungia ndani na kumwimbisha jioni. Macho ya Bibi ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka yote ile, na kwa macho kama hayo vikongwe wa mikoa hii wamekufa bila kosa lolote. Najua nyumba zilizochomwa kwa sababu ndogo kuliko sauti.

"Ile ni kompyuta," Fundi akasema. "Inaonyesha picha za video."

"Jenereta liko wapi?" Malimi akauliza.

"Haihitaji jenereta."

"Kompyuta za halmashauri nimezisikia, zinavuma kama mzinga wa nyuki. Feni yake iko wapi?"

"Nimeing'oa."

"Ameing'oa," Malimi akawageukia wenzake. "Mmesikia? Anasema ameing'oa."

Kila jibu alilokuwa nalo, kazi yake yote ya miezi ile aliyojivunia, lilikuwa linamfunga yeye mwenyewe. Akijitetea kwa betri, wanauliza kwa nini haikohoi. Akisema nimeipunguzia mwendo, mama mmoja akaguna kwa uchungu, kana kwamba ameambiwa ni Rosina ndiye aliyepunguzwa. Mwenye galoni akaanza kufungua kizibo. Mimi kwenye gari nilikuwa natafuta rozari ambayo sina.

Mlango ukafunguka.

Bibi Silvana alitoka na kanga mbili na koti la mwanawe, mdogo kama mtoto wa darasa la pili. Masikio yake ni ya kizamani, hakuwa amesikia hata neno moja la nje. Aliona watu wamejaa uani jioni, naye tangu jenereta la kwanza liingie Milanzi anajua watu wakijaa uani jioni wamefuata nini.

"Mmechelewa," akasema. "Na vigoda viko wapi? Mtakaa kwenye nini?"

Akamwangalia Malimi, akaliangalia rungu.

"Wewe Malimi, hicho ndicho umeleta cha kukalia?"

"Shikamoo, Bibi," Malimi akasema. Mdomo ulitangulia, nadhani kichwa hakikushirikishwa.

"Marahaba. Ingia basi, unaniingizia baridi."

Na Malimi akaingia, kwa sababu mtu aliyekwisha kuitikia shikamoo yako huwezi tena kumpiga rungu, hujui uanzie wapi. Alipoinama kupita mlangoni balozi akamfuata, na balozi akiingia watu wote wanaingia. Na mimi niliingia, gari likajilinda.

Kwenye kioo alikuwepo Rosina na shela nyeupe, anaimba. Baadhi ya wanawake walishika vichwa. Coleta alikuwa amejificha mgongoni kwa mtu, analia. Kisha mpiga picha akageuza kamera kwa waliohudhuria, na katikati ya uwanja wa kanisa akatokea mtu mrefu amevaa koti refu la mvua, anavuta ndama mwenye utepe mwekundu shingoni. Ilikuwa zawadi yake kwa masista.

Chumba kizima kilimgeukia Malimi. Malimi alikuwa anajitazama mdomo wazi.

"Malimi," balozi akasema taratibu. "Kama Rosina ni msukule, yule pale ni nani?"

Malimi alijishika mkono wa kushoto, akaubinya.

"Yule ndama alikuwa mnene," akasema.

Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko kibaya cha kutetemeka, cha watu waliokaribia kufanya jambo na wanajua walikaribia. Coleta alikwenda kumshika Bibi miguu. Bibi akamwambia atoke mbele, anaziba. Galoni ilibaki nje nyuma ya mlango, na asubuhi hakuna aliyeidai. Bibi aliwashia taa mpaka Agosti na hajui hadi leo yalikuwa mafuta ya nini.

Fundi hakucheka. Alikaa sakafuni karibu na sanduku lake, kiganja juu ya kile kitako cha sufuria, kana kwamba anapima homa. Mikono ile nimeiona ikishika nyaya zenye umeme na ikitoa mkanda kwenye mashine inayozunguka. Siku ile haikubanduka kwenye sanduku mpaka watu wa mwisho walipoaga.

Asubuhi alichukua ile feni, akaikunja pezi moja kwa koleo, akaifunga upya kwenye sanduku. Haipozi chochote. Inakwaruza tu, kwaru kwaru kwaru, kama mtu anayepepeta ulezi nyumba ya pili. Bibi anaisikia kidogo na moyo haushtuki, ila majirani wanaisikia mpaka kwa balozi. Ikianza, wanabeba vigoda. Malimi huja wa kwanza, hukaa mbele, na akifika yule ndama kwenye kioo hukohoa ili tusipitwe.

Sasa ile hofu yangu. Fundi anahamia Kaengesa na Bibi na sanduku. Kule wapo majirani wapya, waliomzika Rosina kama sisi, wanaoijua sauti yake kama sisi, na hawajafundishwa kwaru kwaru ni kitu gani. Na mimi namfahamu mstaafu huyu. Sasa atakuwa na muda. Atakaa siku moja atazame lile pezi lililopinda, roho ya ufundi imuume, achukue koleo alinyooshe.

Kwa hiyo wafanyakazi tumekubaliana kutompa saa ya ukutani, maana mtu aliyestaafu saa anaifanyia nini. Tumemchongea benchi refu la msonobari. Malimi ameomba alibebe kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe mpaka Kaengesa, aliweke uani mwenyewe, na usiku wa kwanza akae juu yake awaite watu. Ng'ombe wameshapumzishwa.

Fundi, asante kwa majembe, kwa mashine, na kwa jenereta ambalo Jumatatu litatushinda. Mfikishe Bibi salama, mwambie tunamwamkia. Hilo pezi usiliguse. Tunakutakia maisha mema, na yenye kelele za kutosha majirani wote wasikie.