Bi Nkatha na Makonde Yanayohama

Baada ya miaka ishirini na sita kazini, Bi Rosebella Nkatha, afisa wetu wa kilimo kisiwani Pate, anastaafu tarehe 30 Juni. Ofisi imenipa mimi, dereva wa pikipiki, kazi ya kumwandika, maana hakuna aliyembeba mara nyingi kuliko mimi wala anayeandika vitamu kuliko mimi. Wenye digrii mtanisamehe.

Alitua kutoka Meru na buti za mpira za kufika magotini. Punda wa kijiji cha Mbwajumali walimwangusha kwa zamu. Leo anakula mkate wa mofa kama mzaliwa na kusema "ndia" na "nti" badala ya njia na nchi, kwa madaha, ingawa lafudhi bado ina baridi ya mlimani.

Lakini sifa yake kubwa ni ya mwaka juzi. Serikali ilileta mpango wa mbolea nafuu, na bima ya mazao ikafungamanishwa nao: ambaye hakusajiliwa kwenye mpango hana bima, na konde linalolipwa ni lile lililosajiliwa tu. Bi Nkatha akawaambia watu wa Mbwajumali wamwonyeshe makonde yao. Akayapima yote kwa simu, akarudi akitamba.

Kumbe kwao Meru shamba halihami. Mbwajumali konde likichoka huachwa lipumzike, watu wakafyeka kwingine. Mama wa watu alikuwa amesajili vichaka!

Mkulima mmoja, Bwana Abdulghafur, ndiye aliyemfumbua macho, akicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Bi Nkatha, hapa umewakatia bima nyani! Nti hii imelala, sisi mwaka huu twalima kule."

"Sasa mbona mlinionyesha huku?"

"Si ulitaka makonde yetu? Haya nayo ni yetu."

Usajili ulikuwa karibu kufungwa na mvua zilikuwa zinasuasua. Zikikatika, kijiji kingekosa mavuno na kukosa fidia vilevile. Bi Nkatha hakujificha. Alimpigia mkubwa wetu, akasema amekosea, akaomba kusajili upya. Tukazunguka konde kwa konde, yeye nyuma yangu akinigombeza kwa kila shimo kana kwamba nimelichimba mimi. Tulipokwama mchangani karibu na konde la mwisho, la Bi Mwanatumu, alishuka akamalizia kwa miguu, simu juu, akihema.

Mvua zikakatika kweli. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Bima ikalipa kila konde, na msimu uliofuata hakuna aliyekosa mbegu. Vigelegele vya siku ya malipo bado navisikia.

Meru wanamngoja, wangoje sana. Bi Mwanatumu amemkatia sehemu katika konde lake jipya, na mwezi ujao Bi Nkatha atapanga foleni ya usajili kama mkulima mwingine yeyote. Afisa mpya, usimpendelee.

Asante, mama, kwa kutulimia na kutuchekesha. Mungu akujaalie afya, na mvua ya kukutosha kila msimu, hata hiyo bima uisikie kwa majirani tu.