Ramani Imesema Ni Stoo

Benchi lenyewe liko Husby, kitongoji cha nje ya mji huko Uswidi, hatua chache tu kutoka mlango wa stesheni ya treni za chini ya ardhi, na usije ukadhani ni la wapita njia. Lina wenyewe. Kushoto hukaa Kuria, Mkenya, dereva wa treni hizo hizo, anayeitwa Meya kwa kuwa hakuna jambo la mji asilolitolea amri. Katikati ni Damian, Mtanzania aliyekuja kusomea mambo ya bandari enzi hizo akaishia kutunza jengo la shule. Huyo ndiye Profesa. Kulia ni Xavérine wa Bujumbura, anayehudumia wazee majumbani kwao mjini, na wanamwita Balozi maana habishani na mtu kabla ya kusema “pardon”, samahani ya Kifaransa. Kahawa ya tangawizi huletwa na Vumilia, fundi cherehani, ambaye chumba chake cha kazi kiko pale pale nyuma ya benchi. Alhamisi hiyo Vumilia aliimimina mpaka ikafurika kikombeni, na wala hakuna aliyeona. Wataona saa ngapi, na ramani imetandazwa magotini mwao?

Ramani ilikuja kwa posta, nyumba kwa nyumba. Wakubwa wa mji wanataka kujenga kandokando ya reli, kuanzia hapa kuelekea mjini: juu watu walale, chini wafanye kazi. Wakazi watoe maoni, mwisho kesho.

— Hii kitu naijua vizuri, — alisema Meya. — Kila asubuhi nawabeba watu wa Husby kwenda kufagia mjini, jioni nawarudisha wamelala wima. Sasa wanataka kazi ije huku. Ukiamka unashuka na lifti, umefika job. Na slipasi miguuni!

— Halafu wewe utambeba nani? — aliuliza Profesa.

Hilo Meya hakuwa amelifikiria.

— Nitabeba wageni. Watakuja kutushangaa.

— Pardon, — alisema Balozi. — Mimi wazee wangu wako Södermalm, kule mjini. Kama kazi inakuja huku, basi na wazee wanakuja. Bibi wangu wa ghorofa ya nne, na paka wake, na piano. Wote Husby.

— Piano itapita kwenye lifti? — aliuliza Meya.

— Mais non, haipiti! Ndiyo maana wanajenga upya, wapanue lifti.

Wakacheka. Vumilia naye alicheka, ila moyo haukuwepo. Akainama, akaweka kidole kwenye ramani.

— Jamani, nisomeeni hapa. Hapa ni kwangu.

Profesa akavaa miwani. Njano ni makazi, akasema, buluu ni sehemu za kazi, kijivu ni stoo na majengo yasiyotumika, hayo yatavunjwa. Kidole cha Vumilia kilikuwa kimekaa juu ya kijivu.

— Stoo? — alisema Vumilia. — Miaka kumi na moja nashona pale. Nusu ya maharusi wa Kiswahili mji huu wametokea mle ndani. Nani kasema stoo?

— Ramani imesema. Na hapo pana mchoro mdogo… watajenga maegesho ya baiskeli.

Lakini kijiwe hakiwezi kukaa kimya, kitapata vidonda.

— Ni setilaiti, — Meya alitoa hukumu. — Inapiga picha kutoka juu. Itakuonaje na wewe uko chini ya dari? Ungekuwa unashonea nje, ungekuwa buluu.

— Hapana bwana, ni umeme, — alisema Profesa. — Vumilia, cherehani yako si ya kukanyaga kwa miguu?

— Ni ya kukanyaga, ndiyo. Ya umeme inanikata uzi.

— Basi ndiyo hiyo! Mita inasoma taa moja na birika. Wao wakiona hivyo wanajua mle ndani kuna mlinzi anakunywa chai.

— Pardon, pardon. Wote mmepotea. Nchi hii kazi ni mikutano. Mimi kumwogesha bibi dakika ishirini, kuzungumzia namna ya kumwogesha saa mbili. Vumilia, wewe umewahi kufanya mkutano mle ndani?

— Na nani? Niko peke yangu.

— Voilà. Huna mkutano, huna kazi. Stoo.

Hapo sasa wakaanza kupanga mkutano wa kumwokoa: mwenyekiti awe nani, mwekahazina awe nani, na kama Meya anafaa kupewa nafasi wakati tayari ni meya. Vumilia aliwatazama, akajisikia kulia. Aliwapenda, Mungu anajua, lakini kesho ndiyo mwisho na hawa bado wanachagua katibu.

Ndipo akatokea dada mmoja amebeba gauni kwenye mfuko, anahema. Akajitambulisha kuwa ni Milcah, amehamia juzi kutoka Rinkeby, mtaa wa jirani.

— Shikamooni. Samahani, nimezunguka hili jengo mara tatu. Kwa fundi Vumilia ni mlango upi?

Watu wanne wakaonyesha kwa pamoja: ule wa kijivu.

— Ule? Kumbe! Mimi nilidhani ni stoo. — Milcah aliangalia mlango, akawaangalia wao. — Mbona hauna jina?

Meya akasimama kuutazama mlango. Profesa akavua miwani. Balozi akauambia mlango “pardon”. Kila mteja wa Vumilia alishikwa mkono na mtu akaletwa mpaka kwenye meza yake ya kushonea. Kwa miaka yote hiyo nani angehitaji kibao?

— Nilikuwa narudi nyumbani, — alisema Vumilia polepole. — Kila mwaka nilikuwa nasema narudi mwaka unaofuata. Sasa unaandikaje jina kwenye mlango unaouacha?

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Profesa naye, tangu lini anasema anarudi nyumbani?

Vumilia aliingia ndani, akatoka na chaki ya kuchoria vitambaa, akampa Milcah.

— Mwandiko wangu mbaya. Andika jina langu na kazi yangu, herufi kubwa. Halafu upige picha, tuitume leo leo pamoja na maoni. Wewe Kuria, kaa chini, hakuna kura.

Milcah akausogelea mlango, akaufuta vumbi kwa kiganja.

— Niandike kwa Kiswidi, wakuone hao wa ramani?

— Andika zote mbili, — alisema Vumilia. — Hata wewe ulinipita mara tatu.