Keekee ya Mzee Mwero

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya baba yetu, mzee Sanga Mwero, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1949 huko Kinango, mtoto wa pili wa marehemu mzee Mwero, seremala, na marehemu mama Sidi.

Alisoma hadi darasa la nne, akaingia karakana ya babake pamoja na kaka yake Tsofa, na mwaka 1971 akaajiriwa kama seremala katika kiwanda cha sukari Ramisi, alikohudumu hadi 1988. Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na mama yetu Hannah, wakajaliwa Mercy, Eunice na Karisa.

Babu alipofariki mwaka 1991, ndugu hao waligombania vyombo vyake vya kazi, baba akatamka maneno aliyoyajutia maisha yake yote, na Tsofa akaondoka na keekee ya mzee, asisikike tena.

Mwezi wa Mei 2023 Mercy, afanyaye usafi katika hoteli moja ya Diani, alimwonyesha baba picha ya chombo kilichotundikwa ukutani, kijiti chenye ncha ya chuma pamoja na uta mdogo, ambacho wageni huambiwa ni zeze. Baba aliomba apelekwe. Akakizungushia kijiti kamba ya uta, akakikandamiza juu kwa kishikio chake, akausukuma na kuuvuta uta hadi ncha ikatoboa ubao, akawaeleza wahudumu wa hoteli kuwa hiyo ni keekee, ambayo mafundi wa zamani walitobolea mbao kabla ya kupigilia misumari ili zisipasuke. Ndipo akakigeuza kishikio, akaona alama tatu zilizochomwa kwa moto.

“Hii ni ya baba yetu,” alisema. “Aliyewauzia yuko wapi?”

Alikuwa Bi Twaiba wa Vanga, ambaye Tsofa alipanga chumba kwake hadi alipofariki mwaka 2004, na siku zote alimwambia kuwa hana ndugu. Baba alikwenda Vanga, akakaa kaburini kwa Tsofa hadi alasiri, na aliporudi nyumbani hakula siku mbili.

Januari 2024 alipatwa na kiharusi, akatibiwa Msambweni, na katika siku zake za mwisho alimwita Karisa kwa jina la Tsofa, naye Karisa akawa anaitika. Alituaga asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 76.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wetu wa Ramisi, mafundi wenzake waliomtengenezea jeneza, na Bi Twaiba, aliyelifagia kaburi la Tsofa, ndugu wa baba yetu, miaka yote hiyo akidhani hana mtu.

Pumzika kwa amani, baba.