Don Fortunato Taipe, Mkimbiaji wa Tatu

Marehemu Fortunato Taipe Ñaupari, Don Fortu kwa Huancayo nzima, alizaliwa tarehe 3 Mei 1964 huko Chupaca, mtoto wa nne wa Don Zenobio na Mama Paulina.

Alisoma Chupaca, kisha sekondari hapa mjini, akamaliza mwaka 1982. Kila siku alikimbia kilomita tisa kwenda shule. Si kipaji, jamani, alikuwa anaogopa kuchelewa. Kipaji kilimkuta njiani.

Mwaka 1993 alichaguliwa timu ya Peru, ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, Ulaya. Mle kila mtu anajikimbilia, ila nchi nayo inajumlishiwa muda wa watu wake watatu wa kwanza. Wasipofika watatu, haiandikwi kabisa kwenye matokeo ya timu. Walikuwa wanne, yeye wa mwisho. Kilomita ya kumi na nane msuli ukambana. Akajiambia watatu wako mbele, mimi sihesabiwi, akakaa pembeni akanywa maji. Kumbe mmoja alishajitoa zamani. Aliyekaa pembeni ndiye alikuwa wa tatu. Peru haikuandikwa. Hakuna aliyemlaumu, kazi hiyo aliifanya mwenyewe miaka thelathini na miwili.

Alisambaza mitungi ya gesi El Tambo kwa baiskeli ya miguu mitatu, na jioni alifundisha vijana mbio, bure. Mliopita kwake mnaijua kauli yake: "We Yoni, mbona unapunguza? Umepigiwa simu kwamba wenzako wamefika?"

Tarehe 11 Februari 1995 alimwoa Mama Hermelinda Inga. Misa ilikuwa saa tano. Padri alimkuta mlangoni mwa kanisa saa kumi na mbili na nusu alfajiri, suti imelowa umande.
"Wasiwasi wa nini, mwanangu?"
"Asije akatangulia kufika, Padri, akaghairi."
Walijaliwa Maruja na Edgardo.

Novemba iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Maruja, naye mkimbiaji, aliyekuwa ameshaitwa timu ya taifa kwa mbio zilezile za baba yake, akataka kubaki. "Nenda bwana," baba yake akamwambia. "Mimi sikimbii popote."

Jumapili tarehe 8 Juni, saa moja asubuhi, tulijazana chumbani kwa Don Fortu kutazama mbio, simu moja, watu kumi. Kilomita ya kumi na mbili Mperu mmoja akajitoa. Wakabaki watatu, Maruja wa mwisho. Kilomita ya kumi na nane akaonekana kashika ubavu.
"Hajui kama anahesabiwa! Mpigieni!"
"Fortunato, anakimbia, simu kaiweka wapi? Tulia, utachomoa dripu."
"Atakaa chini, Herme. Nakwambia atakaa."
Kamera ikahamia kwa washindi. Hatukumwona tena. Uji wa mizizi ya maca ukapoa, hakuna aliyeugusa. Ndipo orodha ya timu ikatoka, jina moja moja. Wa kumi na moja: Peru. Don Fortu alimtaka Edgardo aisome mara tatu.

Maruja alifika Jumatano.
"Ulijua unahesabiwa?"
"Sikujua, Baba. Niliogopa tu utanigombeza."
Alicheka mpaka Mama Herme akamshika mgongo.

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni, saa tatu asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Maruja.

Ameacha mjane, watoto wawili, dada yake Mama Eufemia, wapwa tusiohesabika na wakimbiaji ambao hata leo wanaogopa kupunguza.

Apumzike kwa amani Don Fortu, wasiwasi atuachie sisi.