Delphine anatafuta système ya mashine yake

Kwetu mutaani Nyawera, mbele ya meza yangu ya kushona viatu, kuko banc moja ya mbao. Maman Bintu analetaka pale thermos ya kahawa kila asubuhi, na batu banakaa mupaka kazi ibakumbuke. Papa Grégoire tunamwita Ingénieur, juu siku moja alitengeneza radio na ikasema. Hugues ni Mise-à-jour, ni kusema sasisho: habari anakuletea saa mbili, saa ine imeisha kubadilika. Ile siku ya kazi ya tatu Delphine, secrétaire wa shule fulani ya hapa juu, alikuja na telefone mukononi. Mashine yake ya kompyuta ilikuwa kwa Firmin, fundi wa ordinateur. Ile Windows yake ya zamani haipate tena ulinzi, na mashine imezeeka, haiwezi kubeba mupya. Firmin alitaka jibu asubuhi ile ile: aiachie ile ya zamani, ao aweke Linux? Na siku ya posho, siku tatu tu mbele, ilikuwa proclamation, kutangaza matokeo. Batoto mia ine na kumi na mbili banangojea bulletins, karatasi za points zao, na préfet, mukubwa wa shule, alishamwambia Delphine: zikichelewa tena, atafute kazi kwingine.

— Papa Grégoire, système ni nini kwanza? Firmin anasema nichague, na sijue nachagua nini.

— Ni chef de quartier, mukubwa wa mutaa, lakini wa mashine, Ingénieur akajibu. Ukiwasha, anaamuka wa kwanza. Programu yoyote ikitaka kitu, inapita kwake. Windows ni chef mumoja, Linux ni mwingine.

Alisema vizuri, nakubali. Angeishia pale.

— Na muzuri ni nani? Delphine akauliza.

— Linux. Ni ya bure, ni nyepesi kwa mashine ya zamani, na virusi za clé USB hazijaizoea.

— Sawa, papa, lakini kwetu ku bureau tuko na...

— Ngoja, maman, nimalize.

Mise-à-jour akaweka kikombe chini.

— Windows batu bote banaijua. Ukikwama, unauliza hata jirani. Linux atauliza nani?

— Mimi, Ingénieur akasema.

— Wewe uliionea wapi?

— Neveu wangu, mutoto wa ndugu, kule Lwiro, iko nayo.

— Uliiona?

— Alinielezea kwa telefone.

— Nilitaka kusema, Delphine akaingilia, ile programu yangu...

— Delphine, batu banakufundisha, Ingénieur akasema. Windows inakuangalia kupitia kamera. Inajua mulikula sombe.

— Na ikijua sombe, itafanya nini? nikauliza.

— Itaandika, Ingénieur akasema. Lakini Linux, hata courant ya umeme ikikatika, inaendelea yenyewe.

Mise-à-jour hakutaka kubakia nyuma. Akasema alisikia Windows zote za zamani zitajifunga siku moja, tokea hapa mupaka Uvira, na ni afazali kuziacha mapema. Kumbe alishageuka. Sasa banakubaliana bote wawili, na hapo telefone ikalia.

Ingénieur akaichukua mukononi mwa Delphine.

— Firmin? Weka Linux. Ndiyo, tumeamua. Programu? Zote ziko kwa usalama. Futa tu.

Na mimi nikasema ndiyo, juu nilitaka banyamaze nishone.

Kikombe cha pili kilikuwa kinaisha wakati Rosalie, mumoja wa bale ninabashonea, alikuja kuchukua sandale yake. Aliikuta ile hadisi katikati, akasikiliza kidogo, akamuuliza Ingénieur:

— Papa, huyu maman akiwashaka mashine yake, anafanyaka nini nayo?

Ingénieur akamwangalia Mise-à-jour. Mise-à-jour akaniangalia mimi. Nikaangalia sindano.

— Nafanya bulletins, Delphine akasema. Kuko programu moja, kijana mumoja alitutengenezea. Inaenda kwa Windows tu. Ndiyo nilikuwa natafuta kusema tangu asubuhi.

— Kijana atairudisha, Ingénieur akasema polepole.

— Alihamia Kinshasa mwaka jana. Namba yake haipite.

Delphine akamwita Firmin kwa telefone. Firmin akasema amemaliza kitambo, mashine inaenda mbio kama mupya. Mafaili alikopia kwa clé USB. Programu ilifutika pamoja na Windows, si mulimwambia iko kwa usalama?

Delphine hakulalamika. Alifunga telefone, na macho yake yalijaa maji. Niliona haya kweli. Mutu alikuja na kazi yake mukononi, na hatukumuachia hata sentensi moja aimalize.

— Points za batoto ziko kwa karatasi za balimu, akasema. Bulletins za carton zenye hazijaandikwa ziko ku bureau. Tutaandika na mukono. Nani kati yenu iko na mwandiko muzuri?

Akafungua sac yake, akatoa biki tatu za kuandikia, akaziweka moja mbele ya Ingénieur, moja mbele ya Mise-à-jour, na moja mbele yangu.