Kaka Aliyeandika "Taka" Kwenye Boksi

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Februari 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ni mdogo wake. Mnivumilie, nasoma wasifu wake huu nikiwa na hasira.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, akapata stashahada ya maabara mwaka 1990. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye maabara ya saratani ya koo, akakaa humo miaka thelathini na moja akizilisha seli kwenye visahani. Alifunga ndoa na muuguzi tarehe 8 Juni 1996.

Alichunguza RNA zisizotengeneza protini, molekuli za ndani ya seli ambazo wenzake waliziita taka. Siku moja mezani alitueleza kwamba baadhi yake huikinga seli ya saratani isife: ikibanwa na dawa, inakula vipande vyake chakavu, inapata nguvu, inaendelea kuishi. "Yaani inakula kiporo chake yenyewe?" akauliza wifi yangu. Kaka alicheka mpaka akapaliwa. "Mke wangu, wewe ndiye profesa!"

Kwa utani huohuo aliandika TAKA kwenye maboksi ya sampuli zake, kazi ya miaka sita. Agosti 2016, Kaka akiwa likizo, mkuu wa maabara aliagiza friza isafishwe. Maboksi yakachomwa moto. Kaka aliporudi akaambiwa, "Si umeandika mwenyewe?" Hakuna aliyemwomba radhi, hata ya uongo. Mkuu yuko hapa, safu ya pili, anajua nasema nini. Kaka akaanza upya.

Januari 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Saratani ya koo. Jamani, koo! Uvimbe ulinywea kwa dawa, kisha ukarudi. Wakamtoa zoloto, sauti ikaenda nalo. Nilimuuliza kama yale maboksi yangemwokoa. Akaandika kwenye daftari: "Sijui, mdogo wangu. Hapo ndipo panaponiuma."

Mkuu akaja kuomba kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti. Nikasema asipewe hata punje. Kaka akasaini. "Wagonjwa wengine hawana kosa," akaandika. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mimi. Ameacha pia seli za koo lake, kwenye visahani vya maabara. Jana mkuu alinishika mkono, akanieleza kwa furaha kwamba zinaendelea vizuri, zinakua. Nikaitikia asante, kinywa kichungu. Zenyewe ziko hai. Kaka yangu, Mungu amlaze kwa amani.