Mama Simone Kapinga: Pima Kwanza, Pokelewa Baadaye

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuinamia visima vya watu, Mama Simone Kapinga anastaafu tarehe 31 Julai. Kiuno chake kimefurahi. Sisi wa kituo cha upimaji wa maji hapa Kolwezi hatujui tucheke au tulie.

Alianza kazi na kamba yenye mafundo na kipande cha chuma. Ulikishusha, ukasikiliza kikigonga maji, ukahesabu mafundo, na jirani akikohoa ukaanza upya. Baadaye ukaja utepe unaolia ukigusa maji, na kuanzia Fungurume mpaka Dilolo watoto wakampa jina la Mama Piip. Jina hilo analipenda kuliko vyeo vyote tulivyompa. Tata Badibanga, dereva wetu, bado anamwogopa: ole wake awashe gari wakati utepe umo kisimani.

Lakini ukimtaja Mama Simone, lazima utaje kisima cha Mama Adèle Ngoy kule Manika. Ni kisima chembamba cha uani, kilichochimbwa na marehemu mume wake, na barabara nzima inakitegemea. Kila mwezi Mama Simone alipopima, maji yalikuwa yameshuka zaidi. Majirani wakalaumu migodi. Yeye mwenyewe, roho ikimuuma, akapendekeza kifungwe kabla watu hawajaanza kunywa tope. Mama Adèle alilia kama aliyefiwa mara ya pili.

Wiki moja kabla ya kukifunga, siku ya mapumziko, pikipiki ya taxi-moto iliyokuwa ikimpeleka Mama Simone sokoni iliharibika mbele ya ua ule. Utepe ulikuwa mkobani, maana wengine hubeba leso, yeye hubeba utepe. Akapima. Maji yalikuwa juu. Akapima tena, akidhani utepe umekufa. Mama Adèle akatoka mbio, haya zimemjaa: "Ee Mama, haukutuambia kama unakuya! Hata mayi ya kukupokea bado hatuyashota!"

Maji ya kumpokea yalikuwa bado hayajachotwa! Hapo Mama Simone akaelewa. Siku zote alizotoa taarifa kwamba anakuja, alikuwa akipokewa. Mwanzoni kikombe cha maji. Halafu maji ya kunawa. Halafu ua ukasuguliwa, watoto wakaogeshwa, mapazia yakafuliwa, yote kabla hajafika. Heshima yake ilipanda na maji yakashuka. Kisima chenyewe hakikuwa na ugonjwa wowote.

Kesho yake alifuta pendekezo lake mbele yetu sote, akijicheka mpaka machozi. Tangu hapo sote tunafuata sheria yake: mgeni apime kwanza, apokewe baadaye. Kwa sheria hiyo amekataa maji kwenye milango mingi, na kwa mama aliyelelewa vizuri hilo halikuwa jambo dogo. Kisima cha Mama Adèle kinanywesha barabara ile mpaka leo.

Mama Simone, asante kwa uvumilivu wako, kwa ukali wako na kwa kicheko chako. Tunakupenda, na tutakukosa. Mungu akupe afya, wajukuu wengi na usingizi mrefu wa asubuhi.

Mama Adèle yuko hapa ukumbini na beseni la maji ya kisima chake. Ameyachota asubuhi hii, mengi kadiri alivyotaka. Leo huna cha kupima, Mama. Nawa mikono, karibu.